Nani Kafuta Mshale?

"Nani kafuta mshale?"

Nondo aliuliza huku akiizunguka boriti yao ya zege kwa mara ya tatu. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu pande zote, inang'aa kama gari jipya, na ubavuni zilichorwa herufi mbili zilizoshikana mikono: ya kwake na ya Brashi. Nyuma ya kamba ya usalama kitivo kizima cha uhandisi kilikuwa kimejazana, wa umeme, wa mitambo, mpaka wale wa kompyuta ambao jua wanalisikia kwa watu tu.

Brashi alikuwa bado anatabasamu. Maskini, hajui lililomkuta.

"Nilitaka kukushtukiza. Umeipenda?"

"Nimekuuliza, mshale uko wapi?"

"Mshale gani?"

"Wa kuonyesha juu, Brashi! Ule niliouchora kwa chaki!"

Tabasamu likamfia mdomoni. Boriti ya zege huwekewa nondo za chuma upande wa chini, kwa sababu mzigo ukiikalia, chini ndiko kunakotaka kupasuka. Ukiigeuza kichwa chini, inakatika kama biskuti. Na hii ilikuwa mraba kamili, kila upande sawa na mwenzake.

"Tutaijua kwa upande wa juu, ule unaokwaruza," Nondo alisema.

"Niliupiga msasa," Brashi akajibu kwa sauti ndogo. "Ili rangi ishike."

"Mhandisi wa mwaka wa nne! Mungu wangu!"

Hasira ilikuwa haki yake. Kwenye shindano hili, boriti itakayobeba mzigo mkubwa kuliko zote ingempeleka aliyeisanifu ng'ambo, mwaka mzima, kwenye kampuni inayosanifu madaraja. Ya kwao ilisanifiwa na Nondo. Ndoto hiyo alikuwa nayo tangu yuko sekondari, na boriti ikishapimwa ndiyo imekwisha, hakuna ya pili. Brashi, mwenzake wa kila zoezi tangu mwaka wa kwanza, ndiye aliyechanganya zege. Walikuwa chanda na pete, ila neno lenyewe la mapenzi Brashi hajawahi kulitamka. Kila akifungua kinywa, zinatoka habari za saruji.

Hapo ndipo Redio alipoingilia. Huyu alikuwa akilala chumba kimoja na Brashi, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya.

"Shemeji, msamehe tu. Mwenzio hana usingizi. Juzi si kaniambia anatamani ivunjike, ili usiende?"

Hata wa kompyuta waliinua macho kutoka kwenye simu.

"Ulisema hivyo?" Nondo aliuliza.

"Nilisema, lakini..."

"Hakuna lakini! Kwa hiyo umenichimbia kaburi, ukaona ulipake na rangi kabisa?"

"Nondo, nisikilize!"

"Nimekusikiliza miaka minne! Profesa, tunajitoa." Akavua kofia yake ya usalama na kuitupa mezani.

"Hatujitoi!" Brashi akapiga kelele. "Profesa, tafadhali, naomba nikimbie bwenini mara moja!"

Profesa alikuwa mama wa maneno machache. Alimtazama juu ya miwani.

"Kuna kundi moja mbele yenu, nanyi ndio wa mwisho. Wakimaliza nawaita. Usipokuwepo, usinililie."

Brashi alichomoka mbio, akagonga kiti, akaomba radhi kwa kiti, akapotea.

Simu ya Nondo ikalia. Ujumbe wa Brashi: "Usiondoke. Nakuja kukuonyesha juu ni wapi."

Akajibu: "Usiniandikie tena." Lakini miguu yake haikwenda popote.

Kisha simu ya Redio ikaita, Brashi tena.

"Redio, spika yako iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Unataka muziki saa hizi?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nikusamehe nini? Brashi? Hicho kilicholia kraa ni nini? Brashi!"

Boriti ya kundi la mbele ilikuwa ndiyo kwanza imevunjika, watu wanapiga makofi, Brashi alipoingia akihema, shati limelowa jasho. Mkononi alikuwa na sumaku nzito, imeng'olewa kwenye spika ya Redio na kufungwa kwenye kamba ya kiatu.

"Zege haivutwi," alisema. "Chuma kinavutwa."

Nondo alimwelewa kabla hajamaliza. Akampokonya. Akaining'iniza sumaku jirani na upande wa kwanza: imetulia. Wakaibingirisha boriti pamoja. Upande wa pili: imetulia. Wa tatu: kamba ikainama, sumaku ikajivuta na kunata kwenye rangi, ta!

Umati ukalipuka. Nondo akaokota chaki, akachora mshale mkubwa ubavuni, ncha ikielekea mbali na sumaku: huko ndiko juu. Kisha akamgeukia Brashi.

"Ungeniacha nijitoe, nisingeenda. Si ndiyo ulitaka?"

"Kutamani nilitamani, sikatai. Mtu akipenda hutamani ujinga. Lakini kukuvunjia ndoto kwa mkono wangu? Siwezi. Nenda, Nondo. Nakupenda. Haya, nimesema, na kitivo kizima kimesikia!"

"Mzunguko umekamilika!" wa umeme wakapiga kelele.

"Nyamaza kwanza," Nondo alisema, ila macho yake yalikuwa yameshalowa. "Tupime."

Mashine ikaanza kusukuma. Nambari kwenye kioo zikapanda, zikapanda. Boriti ikapata ufa mwembamba chini, palepale alipoutarajia Nondo, nayo ikavumilia. Ikalifikia kundi la mbele. Ikalipita! Wa mitambo wakawa wanahesabu kwa sauti, Redio akasahau msiba wake akapanda juu ya kiti, na boriti ilipokubali hatimaye kukatika, mshindani wa karibu alikuwa ameachwa mbali sana.

"Anayekwenda ni binti huyu," Profesa alitangaza. "Na rangi mmepaka vizuri. Msirudie."

Nondo alimrukia Brashi shingoni, wakapepesuka wote wawili. Huku bado amemng'ang'ania, akampigia mama yake.

"Mama! Nimeshinda! Naenda!"

"Aaa, mwanangu! Asante Mungu! Mbona nasikia mtu analia hapo?"

"Mkwe wako huyo, mama. Mpokee."

Brashi akaishika simu kama anashika waya wa umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unalia nini na mwenzio kashinda?"

"Anaondoka, mama."

"Sasa machozi ndiyo yatamzuia? Jipanguse, uje na wazee wako kabla hajapanda ndege!"