Betri ya Pikipiki na Kitanda cha Mjukuu

Asubuhi hiyo fundi Alawi wa Mafinga alipaka vanishi ubao ambao haujapigwa msasa. Mara ya tatu hiyo, jamani! Mkewe, Saida, aliona, akaingia jikoni.

Alawi alikuwa fundi hasa. Kisha akaanguka kutoka kwenye lori la mbao, akaumia kichwa. Mikono ilipona. Kilichopotea ni mpangilio. Randa aliijua, msasa aliujua, gundi aliijua. Ila kipi kianze, kipi kifuate? Hapo alichanganyikiwa. Na alikuwa amemwahidi binti yao, Mwanaidi, aliyeko mtaa wa Soweto kule Mbeya, kitanda cha mtoto. Mimba ya Mwanaidi ilikuwa na miezi minane.

Saida alipotoka jikoni alimkuta mumewe ameshika betri ya pikipiki na nyaya mbili.

"Baba Mwanaidi! Unataka kufanya nini?"

"Nimeona kwenye simu. Umeme unaamsha ubongo. Nabandika hapa kwenye paji."

"Ebo! Weka chini!" Saida akampokonya betri. Siku hiyohiyo akampeleka hospitali.

Mtaalamu wa mazoezi ya wagonjwa, Alinanuswe, hakumcheka.

"Mzee wangu, ulichosikia kipo," alisema. "Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayopanga kazi. Wataalamu hupitisha umeme hafifu sana juu ya ngozi ya kichwa, bila kupasua. Wengine hupata nafuu kidogo katika kupanga mambo, wengine hawabadiliki. Bado wanachunguza. Lakini betri ya pikipiki! Itakuunguza, au ikuletee kifafa."

Alawi aliinama. "Basi mimi ndiyo nimekwisha?"

"Hata kidogo! Ubongo hujifunza kwa mazoezi. Andikeni hatua za kazi ukutani. Ukimaliza moja, weka alama, ndipo uende nyingine."

Saida aliandika kwa chaki: pima, kata, piga randa, unga, piga msasa, paka vanishi. Wiki ya kwanza Alawi aliruka hatua, akakasirika, akatupa nyundo. Saida akaiokota, akamrudishia. Kila siku wakasoma ukuta pamoja. Wiki ya tatu kitanda kikasimama.

Kwa furaha Saida akafungua kopo la vanishi.

"Mama Mwanaidi, haraka ya nini?" Alawi alisema, wala ukutani hakutazama. "Msasa kwanza."

Saida akalifunika kopo, huku anacheka na machozi yanamtoka.