Ukurasa wa Nne wa Andiko la Twiga

Kila akitoka shule, Nukta alibadilisha sare, akaosha vyombo, kisha akaingia chini ya meza ya cherehani ya mama yake kuokota vipande vya vitambaa. Kwa vipande hivyo alishona vikaragosi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wenzake walimwita Nukta kwa udogo wa umbo lake.

Mwaka uliopita alimweleza rafiki yake Twiga, msichana mrefu aliyeongoza kikundi cha ngoma, wazo lake la onyesho: vikaragosi, ngoma na michoro ya ukutani, vyote pamoja, kuwafundisha watoto wadogo kunawa mikono. Twiga alisikiliza, akaenda kuliandika, akalipeleka maktaba ya mtaa, iliyokuwa ikitoa ruzuku kwa miradi ya sanaa mseto. Akapata. Siku ya onyesho Nukta alikaa benchi la nyuma akiangalia wazo lake likipigiwa makofi. Jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Tangu hapo hawakusalimiana.

"Atanikoma," Nukta alimwambia mama yake. "Mwaka huu naandika mwenyewe, nimwangushe."

"Andika, mwanangu," mama alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ila huyo wa kuangushwa mtoe kichwani kwanza. Atakuharibia mshono."

Mkutubi wa maktaba alianzisha darasa la Jumamosi la kuandika maombi ya ruzuku. Nukta alikaa mbele, Twiga dirishani. Walijifunza kueleza mradi unamfaa nani, nani atafanya nini, kwa vifaa gani, na mtu atajuaje kama umefaulu. Mkutubi aliposoma andiko la kwanza la Nukta, alivua miwani.

"Twiga ametajwa humu mara saba," alisema. "Watoto watakaotazama onyesho umewataja mara ngapi?"

Nukta alipekua karatasi. "Mara moja, mwalimu."

"Basi umeandika mashtaka. Mimi niliomba mradi."

Nukta alilichana, akaanza upya. Alikwenda zahanati kumuuliza muuguzi watoto wangapi huletwa wakiharisha. Alipima ukuta wa shule kwa futi ya mama yake. Kila alipochoka alilikumbuka benchi la nyuma, na mkono ukarudi kwenye kalamu. Lugha yake ilikuwa safi sasa, lakini kinyongo hakikumtoka.

Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumamosi saa sita mchana. Ijumaa, baada ya shule, mkutubi alimwomba Nukta apange bahasha za maombi mezani wakati yeye akimhudumia msomaji. Bahasha ya Twiga haikuwa imefungwa kwa gundi. Nukta aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akachomoa ukurasa wa nne, wa bajeti. Ombi lisilo na bajeti halisomwi kabisa. Aliukunja, akauficha ndani ya daftari.

Alirudi nyumbani akitabasamu peke yake. Njia nzima alimwona Twiga kwenye benchi la nyuma, akachagua hata maneno ya kumwambia atakapopita mbele yake.

Chini ya meza ya mama aliufungua ule ukurasa ili aufaidi. Hesabu zilikuwa zimefutwa na kuandikwa tena mara nyingi, hadi karatasi ilikuwa nyembamba, inakaribia kutoboka. Pembeni Twiga alikuwa amejumlisha kwa vijistari vidogo, kama mtoto wa darasa la pili. Nukta aliutazama sana. Bado alimchukia Twiga. Lakini mkononi mwake ilikuwa kazi ya mtu mwingine, na mwenye kazi hakujua kuwa imechukuliwa.

Asubuhi hakungoja chai. Saa tatu alikuwa mbele ya mkutubi, ukurasa mezani.

"Niliuiba mimi, mwalimu. Nilitaka akose kama mimi nilivyokosa."

Mkutubi alimwita Twiga, akamwamuru Nukta arudie maneno yale yale. Twiga aliuchukua ukurasa, akaunyoosha kwa kiganja, akaurudisha ndani ya bahasha yake.

"Wazo la mwaka jana lilikuwa lake," alisema, akiangalia sakafu. "Sikuandika jina lake. Nilijua ninachofanya."

Mkutubi alitoa daftari la kumbukumbu za ruzuku, akampa Twiga kalamu aliandike jina la mwenye wazo. Twiga akaandika. Kisha mkutubi akamgeukia Nukta.

"Andiko lako litasubiri awamu ijayo. Hiyo ndiyo adhabu yako."

"Sawa, mwalimu."

Hawakukumbatiana siku hiyo. Miezi sita baadaye, barua ya Nukta ilifika: ombi lake limekubaliwa. Kwenye orodha ya watekelezaji, mpiga ngoma alikuwa Twiga; Nukta alikuwa amemwomba mwenyewe, naye akakubali kwa sahihi yake.

Mkutubi alipomkabidhi barua alimwambia, "Hasira ilikukalisha ukajifunza kazi, na kwa hilo sikulaumu. Lakini ulipochomoa ule ukurasa, wazo lako halikurudi. Lilirudi uliposema kweli mbele yetu, na mwenzako naye akasema yake. Ukidhulumiwa tena, mwanangu, njoo useme waziwazi. Usijifiche."