Shimo Lisilo na Moto

Mezani ilikuwa imebaki taa tu.

Mkaguzi wa Polisi Apolinary Rwegasira alisimama mlangoni mwa chumba bila kuingia. Kitanda kimoja. Vitabu vimefungwa kwa kamba, mafungu manane. Redio. Betri ya sola. Ukutani, msumari mtupu.

"Hapo palitundikwa nini?"

"Kitambulisho changu cha chuo," alisema Joyness Kemigisha. "Kompyuta ilikuwa mezani, ndani ya begi. Flashi yenye utafiti wangu ilikuwa mfuko wa pembeni. Jana alasiri narudi kutoka shuleni, hakuna kitu."

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa shule ya msingi hapo Kamuli. Hakuwa na mume wala mtoto. Alizungumza kwa sauti kavu, kama mtu aliyemaliza kulia jana.

"Mtihani ni lini?"

"Keshokutwa, Jumatatu, saa tatu asubuhi, Bukoba. Wa mwisho. Bila kitambulisho siingii, na usajili wangu unakwisha mwezi huu. Nimesoma shahada hii kwa masafa miaka minane, afande. Nikikosa Jumatatu, ni kama sikusoma."

"Umesoma peke yako?"

"Mwanzo tulikuwa watatu. Mmoja aliolewa Murongo, mwingine alichoka. Nikabaki na sauti yangu. Mimi nisiposoma kwa sauti haiingii."

Koplo Vestina Nikuze, aliyekuwa akiandika maelezo, aliinua kichwa. "Afande naye alianza stashahada kwa masafa. Vitabu vyake mpaka leo viko kwenye nailoni."

"Andika, Koplo."

Mkaguzi aliinama kwenye kufuli. Halikuwa na mkwaruzo.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Juu ya fremu ya mlango. Wanaoujua ni baba na Adelard, anayetulimia kibanja cha migomba."

Baba alikuwa nje, kwenye benchi. Mzee Cleophace Rwegoshora alikuwa na miaka sabini na tisa na fimbo mbili. Masika yaliyopita aliteleza akavunjika nyonga, na tangu hapo dunia yake ilikuwa benchi, jiko na kitanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshamfunga?"

"Nani?"

"Adelard. Nimewaambia mgambo tangu jana. Yule Mrundi alikuwa hapa peke yake, na panga mkononi."

"Adelard amezaliwa Nyabiyonza, baba," Joyness alisema kutoka ndani.

"Na baba yake alizaliwa wapi?"

Vestina alifungua ukurasa mpya.

"Wewe jana ulikuwa wapi, mzee?" Mkaguzi aliuliza.

"Hapa hapa."

"Siku nzima?"

"Nitakwenda wapi na nyonga hii?"

"Basi ulimwona akiingia."

Mzee aliangalia fimbo zake. "Nilisinzia."

Mgambo walikuwa wamemfungia Adelard Nsabimana kwenye ghala la kahawa. Alikuwa amekaa juu ya magunia, mtu wa miaka thelathini na kitu, miguu bado ina udongo wa shamba. Nje, mkewe alikuwa amesimama na bakuli la uji lililokwisha kupoa.

"Mpe uji wake," Mkaguzi alimwambia Vestina. Kisha akakaa juu ya gunia jingine. "Jana ulifanya nini kwa mzee?"

"Nilipalilia. Halafu nikakata majani ya migomba."

"Makavu?"

"Mabichi. Mzee alisema niyaweke kando ya shimo la kuivishia ndizi."

"Ya kazi gani?"

"Rubisi. Nilidhani anaandaa pombe ya sherehe, Mwalimu anamaliza chuo. Nikasema moyoni, na mimi nitapata kikombe."

"Mikungu uliibeba wewe?"

"Hapana."

"Nani aliibeba?"

Adelard alikunywa uji kwanza.

"Sikuona mkungu hata mmoja, afande. Alisema niende zangu, atapanga mwenyewe."

"Mzee wa fimbo mbili, apange ndizi shimoni?"

"Mimi ni kibarua. Nikiambiwa niende, nakwenda."

"Mbona jana hukusema haya?"

"Nani aliniuliza? Jana niliulizwa kompyuta nimeuza wapi."

Walirudi kwa mzee kabla ya adhuhuri, Adelard akiwa nyuma yao. Shimo lilikuwa nyuma ya jiko, limefunikwa majani mabichi na udongo kidogo juu, udongo wa kurushwa kwa fimbo na mguu. Mkaguzi alichuchumaa.

Alikuwa amekulia kwenye kibanja kama hiki. Alijua kazi ile toka mtoto. Ndizi za rubisi hupangwa shimoni, moto huwashwa pembeni ili joto na moshi viingie, ndipo shimo linafunikwa. Kesho yake ukiweka kiganja juu, udongo una joto kama paji la mwenye malaria.

Aliweka kiganja. Baridi.

"Mzee, humu mna nini?"

"Ndizi."

"Uliwasha moto?"

Mzee alikuwa amejikokota mpaka kwenye kona ya jiko. Aliegemea ukuta.

"Mwizi wa kuuza angebeba redio na betri," Mkaguzi alisema. "Kitambulisho chenye picha ya mtu hakina mnunuzi. Aliyechukua vile alitaka kitu kimoja tu, Mwalimu asifanye mtihani. Lakini hakutaka kompyuta iungue. Ndiyo maana hili shimo halina moto. Sasa, Jumatatu Adelard anafikishwa mahakamani. Nichimbe, au utasema?"

Mzee alimtazama binti yake, kisha Adelard, kisha chini.

"Utachafuka bure," alisema. "Ngoja niseme."

Mkaguzi alimwonya kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Mzee alitikisa kichwa kukubali.

"Akipata shahada watampeleka sekondari. Labda Biharamulo, labda mbali zaidi. Kaka zake wako Mwanza, wanapiga simu Krismasi. Mama yake yuko pale." Alinyoosha fimbo kuelekea kaburi la saruji katikati ya migomba. "Kila jioni huyu anasoma kwa sauti. Mimi niko upande wa pili wa ukuta. Miaka minane. Niliishia darasa la nne, lakini mtaala naujua. Upimaji naujua. Mwaka wa tatu alipofeli takwimu, na mimi sikula. Ndiyo sauti iliyobaki katika nyumba hii, afande. Nilitaka akose mara hii moja, asome tena mwaka mmoja. Sikujua kwamba muda unakwisha."

"Ulijua, baba," Joyness alisema.

"Mwanangu..."

"Ile barua ya chuo niliisoma kwa sauti. Mara mbili."

Kuku alipita kati yao. Mzee alishika fimbo zake zote mbili kwa mkono mmoja, akafuta uso kwa ule mwingine.

"Nilijua," alisema.

Vestina alifukua. Begi lilikuwa limevingirishwa majani tabaka tatu, na ndani ya majani kitenge cha marehemu. Joyness alibonyeza kompyuta. Ikawaka. Alitoa kitambulisho, akakivaa shingoni, hakukivua tena.

"Sitaki kesi," alimwambia Mkaguzi.

"Wizi ni wako kusamehe. Adelard si wako. Mtu ametajwa kwa uongo." Alimgeukia kibarua. "Unataka nini?"

Adelard alifikiri. "Aseme kwenye jumuiya, wote wakiwepo. Kwa sauti ile ile aliyonitajia kwa mgambo. Halafu shimo nitalifukia mimi, kwa sababu yeye hawezi."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alitaka kusema neno kwa binti yake, lakini binti alikuwa amekwisha kuingia ndani, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane alisoma kimya. Jumapili alfajiri alipanda gari la Bukoba. Chakula alikiacha jikoni, kimefunikwa.

Jumatatu Mkaguzi alipita na karatasi ya kufunga jalada, mzee aweke dole gumba. Benchi lilikuwa tupu. Alimkuta ndani, kwenye kiti cha Joyness, mezani palipo na taa. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Unaongea na nani, mzee?"

Mzee aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika moja.

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Wanagawa karatasi."

Mkaguzi alivua kofia, akakaa kizingitini. Hakuwa na mtu wa kumwahi nyumbani.