Vidole Vinne vya Ramani

Asubuhi ya Jumamosi, Ciru na nyanya yake, aliyemwita Cucu, walikuwa wakipukuchua mahindi uani kwao Kibomet, mjini Kitale. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kila Jumamosi, ila leo Cucu aliitazama simu yake kila mara. Gathii, kaka yake Ciru, alikuwa ameondoka Nairobi kwa ndege saa mbili, akaenda London kusomea uuguzi. Aliahidi kupiga simu mara tu atakapofika.

"Atafika saa ngapi?" Cucu akauliza.

Ciru alikuwa msichana wa kujibu kila swali, hata asiloulizwa. Akaleta atlasi. Katika ramani ya Kenya, Kitale hadi Bungoma ni upana wa kidole kimoja, na gari hutumia kama saa moja. Akafungua ramani ya dunia: Nairobi hadi London, vidole vinne. Akapunguza kimoja kwa heshima ya ndege, maana ina kasi kuliko gari, kisha akatoa hukumu.

"Ni safari ya saa tatu tu, Cucu. Saa tano atakuwa amefika."

Saa tano ikapita, simu kimya. Saa saba, kimya. Cucu akaacha mahindi, akaketi mavumbini.

"Ndege imeanguka," akanong'ona. "Gathii wangu!"

Habari zikaenea, na kufikia saa tisa, akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani. Mama Bilha, ambaye hakuwahi kukosa matanga, akaanzisha wimbo wa mazishi. Ciru akakimbilia jikoni na atlasi yake. Je, kama ni kweli? Alipoitazama tena ramani, akaona kipimo kilichoandikwa chini. Kidole cha Kenya kilikuwa kilomita sabini. Kidole kile kile, katika ramani ya dunia, kilizidi elfu moja na mia tano!

Angesemaje sasa, mbele ya kanisa zima?

"Leteni maji!" mtu akapiga kelele nje. "Cucu anazimia! Si mnajua ana presha!"

Ciru akatoka mbio. "Cucu, nilikosea! Nilipima vibaya!"

Jirani yao, Mwalimu Wakhungu, akaichukua atlasi, akapiga hesabu. "Ni karibu kilomita elfu saba. Hiyo ni safari ya saa nane au tisa. Kijana bado yuko angani."

"Ati angani?" Mama Bilha akaukatiza ubeti. "Na mimi nishamzika!"

Hakuna aliyecheka. Wote waliikodolea macho ile simu hadi ilipolia, saa kumi na moja na ushei.

"Cucu? Nimefika. Huku ni baridi, bana! Mbona nasikia watu wengi hivyo?"

Cucu akalia upya, safari hii kwa furaha. Mwalimu akamgeukia Ciru.

"Kusema 'sijui' kungekuletea aibu ndogo. Jibu la kubahatisha nusura limuue nyanya yako. Lakini umefanya vyema kukiri kabla hatujachelewa."

Cucu akajifuta machozi. "Waombolezaji hawarudi kwao bila chai. Ciru, tuchemshe sufuria ngapi?"

Ciru alikaribia kutaja idadi, akajizuia.

"Sijui, Cucu. Ngoja kwanza nihesabu watu."