Unga Mweupe Mfukoni mwa Kethia

Jumamosi ni siku ya kufua katika nyumba za kupanga za Sharpstown, huku ughaibuni. Marguerite alipekua mifuko yote kwanza, maana karatasi moja ikisahaulika huchafua nguo zote. Ndani ya koti la binti yake Kethia, wa darasa la saba, aliokota vifuko vinne vya plastiki. Vina unga mweupe. Vimeandikwa namba.

Wiki iliyopita polisi walimchukua kijana wa ghorofa ya chini kwa vifuko kama hivyo. Yeye na Kethia walikimbia vita Kongo, wakakaa kambini miaka tisa, kumbe mtoto anakuja kupotelea hapa? Kethia alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Au alisema hivyo tu?

Alimwita jirani yake Cherotich, mama wa Sheldon, nesi kutoka Kenya.

"Mama Sheldon, naonja kidogo. Nijue ni dawa ya kulevya ao ni unga."

Cherotich alimshika mkono. "Usionje. Unga usioujua hauonjwi wala haunuswi. Kama ni sumu je? Lete begi lake la shule tuangalie."

Ndani ya begi mlikuwa na barua ya Kiingereza ya mwalimu wa sayansi. Cherotich aliisoma polepole kwa Kiswahili. Darasa linajifunza upelelezi. Katika mchezo wao, saa ya ukutani imeibwa, na mwizi ameacha unga mweupe dirishani. Kila mtoto amepewa unga wa aina nne za jikoni. Aupime nyumbani mbele ya mzazi, ajue upi unafanana na ule wa mwizi.

"Na mzazi amekubali," Cherotich alisema. "Hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa ya Marguerite mwenyewe.

"Karatasi za shule ni mingi," alisema kwa haya. "Mimi nasainia tu."

Kethia aliporudi, walimwachia meza. Alidondosha siki kwenye kila unga. Namba mbili ikatoa povu.

"That's baking soda," alisema, yaani magadi ya kuokea.

Kisha akadondosha iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Namba nne ikageuka nyeusi.

"Hii iko na wanga, Mama. Ya mwizi pia iligeuka hivi darasani."

Cherotich akaleta unga wa fufu, ule wa ugali wa muhogo, kutoka kabatini mwa Marguerite. Nao ukageuka mweusi.

"Basi mwizi ni mpishi," Cherotich akatania.

Marguerite hakucheka. "Kethia, mimi nilizani ni dawa za kulevya."

Kethia aliweka chupa chini. "You didn't ask me, Mom."

"Kweli, sikukuuliza. Unisamehe, mwanangu."

Kuuliza si ujinga, lakini hofu humziba mtu mdomo. Kethia akamsogezea mama yake chupa ya iodini ajaribu mwenyewe.

Jumatatu ikaja barua nyingine ya shule. Marguerite alishika kalamu, halafu akaiweka mezani.

"Nisomee kwanza," alisema.

Ilikuwa ya picha za darasa tu. Kethia aliisoma yote, neno kwa neno, mpaka jina la mpiga picha.