Bibi Aliyepunguziwa Miaka Kumi na Mitano

Kila alasiri akitoka shule, Wembe alivua viatu mlangoni, akanawa, akala, kisha akaingia chumba cha mbele kumsaidia mama yake. Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Yeye alipima, Wembe aliandika vipimo daftarini. Kazi hiyo ilimwangukia Wembe kwa sababu mbili: mama akiwa na pini midomoni hakieleweki anachosema, na mwandiko wake, baba alisema, ulifanana na njia ya kuku aliyekimbizwa.

Jina la Wembe alipewa na majirani. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini ukimpa fomu yoyote, iwe ya maji, ya shule au ya kitambulisho, aliijaza kabla chai yako haijapoa. Mtaa mzima ulimsifu. Na sifa, wajukuu zangu, ni kama hamira: zikizidi, unga hufurika bakuli.

Basi ilipokuja fomu ya viza ya Bibi, nani mwingine angepewa?

Bibi huyo, mzaa mama, aliishi nchi nyingine, mbali, ng'ambo ya mipaka mitatu. Mama hakuwa amemwona kwa miaka kumi na mitatu. Wembe hakuwa amemwona kabisa. Alimjua kwa sauti na kwa paji la uso, maana Bibi akipiga simu ya picha, hilo paji ndilo pekee lililoonekana. Mwezi ule alikuwa amepiga akasema, "Niiteni sasa, miguu ikiwa bado inanitii. Mwakani sijui kama tutaelewana, mimi na hiyo miguu." Mama alicheka, halafu akaenda uani akakaa peke yake kwa muda mrefu.

Siku ya kujaza fomu, mama alimpa Wembe simu, picha ya pasi ya kusafiria ya Bibi na hati yake mwenyewe ya kuzaliwa. "Andika kama ilivyo kwenye pasi," akasema. "Usiongeze, usipunguze. Mimi napeleka sare za watu, narudi sasa hivi."

Hata hajafika mbali, akaingia Redio. Huyu alikuwa msichana wa nyumba ya pili, wanasoma darasa moja, na jina lake linajieleza: habari zote alikuwa nazo, ila za kweli zilikuwa chache.

"Unafanya nini, Wembe?"

"Namwombea Bibi viza ya matembezi."

Redio akachungulia. "Sabini na nne? Weee! Hapo mmekwisha. Wazee waliopita sitini hawapewi."

"Nani kasema?"

"Kila mtu anajua! Wanaogopa watawafia hapa kwetu, halafu nani abebe jeneza? Shemeji yake shangazi yangu alinyimwa mchana kweupe."

Redio akaondoka zake kutafuta mwingine wa kumtia hofu. Wembe akabaki anaitazama ile fomu. Akamkumbuka mama uani. Kidole kikasita, kikasogea, kikabadilisha mwaka wa kuzaliwa. Tarakimu mbili tu! Bibi akawa na miaka hamsini na tisa. Uzee ulipona bila dawa.

"Picha ya pasi ina maandishi madogo kama sisimizi," Wembe alijiambia. "Nani ataisoma?" Akabonyeza TUMA.

Mama aliporudi aliuliza, "Umeandika kila kitu kama kilivyo?"

"Kila kitu, mama."

Uongo wa kwanza ulikuwa wa kidole. Huu wa pili ulikuwa wa mdomo, nao ndio uliomnyima usingizi.

Wiki tatu zikapita. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu ya mama: "Mwenyeji wa mwombaji afike ofisi ya uhamiaji Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, pamoja na aliyejaza fomu."

"Wanatuita kutupa viza!" mama akashangilia. Baba, mwoka mikate, aliomba ruhusa kazini, akaja na unga kwenye nyusi. Wembe alivaa sare iliyopigwa pasi.

Ofisini walikaa kwenye viti vya plastiki hadi wakaitwa dirisha la tatu. Nyuma ya kioo alikuwapo ofisa mwanamke, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Hakutabasamu.

"Shikamoo," Wembe akasema.

"Marahaba. Mama, una miaka mingapi?"

"Hamsini na mmoja."

"Una kaka au dada mkubwa?"

"Ninaye kaka. Ana hamsini na mitano."

Ofisa akavaa miwani, akaandika, akapiga mstari. "Mwombaji ni mama yenu mzazi?"

"Ndiyo."

"Fomu inasema ana miaka hamsini na tisa. Basi nisaidie hesabu, mama, huenda mimi nilikosa shule siku hiyo. Wewe alikuzaa akiwa na miaka minane. Na kaka yako alimzaa akiwa na miaka minne. Minne! Hata meno ya utoto hayajang'oka!"

Baba alicheka kwa sauti, akaona hakuna anayecheka naye, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Mama alikisogelea kioo. "Hamsini na tisa? Mama yangu?"

"Na pasi hii inasema sabini na nne," ofisa akaendelea, akiipigapiga karatasi kwa kalamu. "Kwa hiyo ama pasi si yake, ama yeye si mama yako. Anayeomba kwa pasi ya mtu mwingine hufungiwa kuingia nchini miaka kumi."

Mama alishika ukingo wa dirisha. "Miaka kumi! Atakuwa na themanini na nne! Dada yangu, si nitamzika kwa simu?"

"Basi labda yeye ndiye aliyewatumia tarehe ya uongo."

"Yeye?" Sauti ya mama ilipanda hadi watu wa viti vya plastiki wakageuka. "Yule hajawahi kudanganya hata kuku kwa mchele!"

Ofisa aliuvuta muhuri uliokuwa pembeni, akaufungua kifuniko.

Wembe aliona ule mkono, akaona na njia mbili mbele yake. Akinyamaza, kosa atabandikwa Bibi, ambaye yuko mbali na hawezi kujitetea. Akisema, litamwangukia yeye, hapa hapa, mbele ya watu wote. Mdomo ukawahi kabla muhuri haujagonga.

"Ni mimi! Mimi ndiye niliyebadilisha!"

Mama alimgeukia polepole, kana kwamba amekuta mtoto wa watu amevaa nguo za mwanawe.

"Wewe? Mimi nilikuuliza. Kwa mdomo wangu. Ukaniambia kila kitu kama kilivyo."

"Niliogopa, mama. Niliambiwa waliopita sitini hawapewi viza. Nilitaka aje. Nisamehe."

"Uliambiwa na nani?" ofisa akauliza.

"Na Redio."

"Redio gani imetangaza upuuzi huo?"

"Ni mtu, shangazi. Ni jirani yetu."

Ofisa alivua miwani, akamkodolea macho, kisha akanyoosha kidole kwenye tangazo lililobandikwa ukutani. "Wewe si unajua kusoma? Soma."

Wembe akasoma kwa sauti iliyokuwa ikififia: "Waombaji wenye miaka sabini na zaidi hawaitwi kwenye mahojiano, na maombi yao hushughulikiwa kwanza."

"Umesikia? Bibi yako alifunguliwa mlango, wewe ukamshika mkono ukamgongesha ukutani."

Baba safari hii hakucheka. Alijifuta nyusi, unga ukamwangukia puani.

Ofisa akaufunika muhuri. "Kosa linalosemwa kabla sijagonga huu, ninaweza kulirekebisha. Ningekuwa nimeshagonga, hata ungelia hadi uoteshe mchicha hapa sakafuni, nisingeweza. Kaa pale. Andika barua ya maelezo kwa mkono wako, mama atie sahihi. Kisha fomu yote ijazwe upya."

Maswali yalikuwa arobaini na mawili. Safari hii Wembe alimsomea mama kila jibu kwa sauti kabla ya kuandika. Mama alijibu bila kumtazama, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

Barua na fomu zilipokwisha, ofisa akampigia Bibi kuthibitisha.

"Bibi, una miaka mingapi?"

"Sabini na nne na miezi mitano," sauti ikanguruma kwenye simu. "Kwani anayeuliza ni mchumba?"

Ofisa aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Alipoinuka macho yalikuwa na machozi ya kicheko.

Viza ilitoka baada ya siku tisa, na mwezi uliofuata Bibi alikuwa amekaa chumba cha mbele, karibu na cherehani, akinywa chai. Alikuwa mfupi, na mikono yake ilikuwa na joto. Wembe alimpigia magoti.

"Bibi, nimekukosea."

"Nimesimuliwa. Kumi na mitano, eti!" Bibi akaweka kikombe chini. "Nilipopata habari nilikaa kitako. Nimeibiwa mbuzi, nimeibiwa ndoo, lakini kuibiwa umri ilikuwa mara yangu ya kwanza. Hii chumvi nimeila mwenyewe, mwaka mmoja mmoja, na mingine ilikuwa michungu sijui niseme nini. Wewe ulitaka kunitapisha?"

"Nilitaka uje, Bibi."

"Najua. Moyo wako haukuwa mbaya, ila uliutuma kwa njia mbaya. Sikiliza. Ukiifuta hiyo miaka, siku ya kumzaa mama yako nabaki mtoto wa miaka minane, na mtoto hazai. Basi mama yako hana mama, na wewe huna bibi. Sasa hapo ulikuwa unamwombea viza nani?"

Mama, pini midomoni, alisema kitu ambacho hakuna aliyekielewa. Lakini aliunyoosha mkono akamvuta Wembe karibu yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya dirisha la tatu.

"Ukitaka kumsaidia mtu," Bibi akamalizia, "msaidie kama alivyo. Ukishambadilisha, umemsaidia mtu mwingine, na yule wako umemwacha nje ya mlango. Haya, inuka ulete sukari. Na usinipunguzie!"