Kurasa za Mkunga

Kila Jumamosi asubuhi, Bi Najua alifagia karakana ya mjomba wake na kupangusa vumbi kwenye kompyuta zilizosubiri matengenezo. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Mjomba ndiye aliyempachika, kwa kuwa msichana huyo wa miaka kumi na mitatu hakumruhusu mtu amalize kumweleza jambo. Ukianza tu, "Waya huu hapa...", alishadakia, "Najua."

Jumamosi moja, mjomba akiwa ameitwa kwenye ofisi fulani kutengeneza mashine zao, mkokoteni ulisimama mlangoni. Kando yake alikuwa bibi mrefu ambaye Bi Najua hakuwahi kumwona. Juu ya mkokoteni ilikuwapo kompyuta ya zamani, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Fundi yupo?"

"Ametoka, atarudi jioni. Lakini mimi pia ni fundi."

Bibi alimtazama kuanzia kandambili hadi nywele. "Fundi wa darasa la ngapi?"

"La saba."

Bibi alicheka, akaketi. Alieleza kwamba alikuwa mkunga hospitalini kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Kwa miaka miwili alikuwa akiandika kumbukumbu za kazi yake katika kompyuta hiyo, kurasa mia moja na arobaini, akibonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja. Binti yake aliyeishi mbali alitaka kuzichapa ziwe kitabu. Alikuwa amemtumia kifaa kidogo cha waifai, chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, ili kompyuta ishike mtandao na kurasa zitumwe. Kifaa kilichomekwa, lakini kompyuta ilikinunia.

"Nakuomba jambo moja tu," mkunga alisema. "Kurasa zangu hazipo mahali pengine popote. Kwa hiyo kabla ya..."

"Najua, bibi. Njoo saa kumi."

Mkunga alipoondoka, Bi Najua alikichomeka kifaa mbele, akakichomeka nyuma. Hakuna kitu. Alifahamu kwamba ilitakiwa draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa kipya. Lakini draiva ipi? Hapo alikwama, na hakutaka kumpigia mjomba simu. Fundi gani anauliza uliza? Alikumbuka kwamba mjomba alipokutana na kompyuta sugu aliiwekea mfumo mpya. Akafungua droo, akachukua flashi yenye mfumo huo bila ruhusa.

Katikati ya kazi yalitokea maandishi marefu ya Kiingereza kwenye skrini. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Hakuyasoma. Alibonyeza kukubali, kama alivyozoea.

Baada ya saa moja kompyuta iliwaka, safi kama iliyotoka dukani. Kifaa cha waifai bado kilikuwa bubu. Na alipozitafuta kurasa za mkunga, hakukuta hata moja; mfumo mpya ulikuwa umefuta kila kitu.

Saa kumi kamili mkunga alibisha hodi.

"Bado kidogo, bibi. Njoo kesho."

"Kurasa zangu zipo?"

"Zipo," alijibu, akiinamisha kichwa.

Jioni mjomba aliporudi, aliiwasha kompyuta ile, akaiangalia, kisha akamgeukia Bi Najua. "Ulitoa nakala kwanza?"

Machozi yalimjibia.

Mjomba hakufoka, na hilo lilimuumiza zaidi. Alikigeuza kifaa, akasoma kwa lenzi nambari ndogo iliyoandikwa mgongoni, akatafuta draiva yenye nambari ileile kwenye kompyuta yake mwenyewe, kisha akaihamisha kwa flashi. Taa ya kijani ikaanza kumetameta.

"Dakika kumi," alisema kwa huzuni. "Ungenipigia, ningekuelekeza uisome nambari hiyo kwa simu."

Kisha alitumia programu ya kufufua vilivyofutwa. Zilirudi kurasa arobaini, nyingine zimekatika katikati ya sentensi. Mia moja zilipotea kabisa.

"Kesho utamwambia mwenyewe," alisema. "Nitasimama karibu yako, lakini mdomo ni wako."

Kesho yake mkunga alipokuja, Bi Najua alisema yote, hata lile la "zipo". Mkunga alizipitia zile kurasa arobaini, uso wake ukiwa karibu kugusa skrini.

"Kisa cha wale mapacha niliowapokea hakimo," alisema hatimaye. "Na macho niliyoandikia mwanzo siyo haya niliyo nayo sasa."

"Nitakuja kwako kila Jumamosi saa tisa, bibi. Wewe utasimulia, mimi nitaandika, mpaka zitimie."

"Usiahidi kwa sababu unalia. Futa machozi kwanza, kisha useme tena."

Aliyafuta, akasema tena.

Jumamosi tatu zilipita, na kila walichoandika walimtumia binti wa mkunga siku hiyohiyo. Ya nne ikaangukia fainali ya netiboli, na Bi Najua alikuwa mfungaji wa timu ya shule.

"Bibi mwenyewe si bibi yako," nahodha alimwambia. "Mwambie unaumwa."

"Nilishamdanganya mara moja."

"Haya. Usije kulalamika ukikuta nafasi yako ina mtu."

Saa tisa alikuwa mezani kwa mkunga. Filimbi ya mwamuzi ilisikika dirishani.

"Si ndiyo siku ya fainali yenu?" mkunga aliuliza.

"Ndiyo. Lakini niliahidi."

Mkunga aliketi karibu naye. "Basi andika. Mwaka wangu wa kwanza kazini, aliletwa mama mwenye uchungu. Niliona jambo nisilolielewa. Daktari alikuwa chumba cha pili. Niliona haya kumwambia sijui, nikahangaika peke yangu nusu saa."

Vidole vilisimama. "Mtoto alipona?"

"Mama alipona," mkunga alisema. "Andika hivyohivyo."

Aliandika. Mkunga alimwekea mkono begani.

"Ukurasa huu haukuwamo katika zile ulizofuta. Sikuwahi kuuandika. Uliponieleza kosa lako uso kwa uso, niliona aibu kwamba langu nimelificha miaka yote hii. Mjukuu wangu, ukikwama, sema hujui kabla hujagusa kitu cha mtu. Ukiharibu, sema umeharibu, siku hiyohiyo. Kurasa mia moja zimekwenda, na hatutazipata zote. Bado tunaweza kuandika za kweli."

"Nimesikia, bibi."

Kelele za ushangiliaji zilipanda kutoka uwanjani. Bi Najua hakuweza kutambua ni za upande gani. Alivuta kiti karibu na meza, akaweka vidole juu ya herufi, akauliza, "Yule mama alikuwa anaitwa nani?"